Somo: Lahajedwali na slaidi kwa mwanafunzi anayetaka hesabu yake iaminike

Mwaka wangu wa kwanza katika kitengo cha mawasiliano cha kaunti nilipewa kazi iliyoonekana rahisi. Kulikuwa na mkutano wa ushirikishaji wa umma katika wadi moja, nami nikaambiwa niandae slaidi za miradi iliyopendekezwa na wakaazi pamoja na gharama zake. Nilisomea uanahabari, si hesabu, lakini nilijua kuandika orodha na kubonyeza kitufe cha kujumlisha. Jioni ya kuamkia mkutano nikapigiwa simu niongeze mradi mmoja uliokuwa umesahaulika: ukarabati wa zahanati. Niliuandika chini kabisa ya orodha, nikafunga tarakilishi, nikaenda kulala.

Kesho yake ukumbini, jumla iliyokuwa ukutani haikuwa na zahanati. Hata chati haikuwa na zahanati. Fomula yangu ilikuwa imeishia mstari mmoja juu yake. Mama mmoja mzee aliyeketi mbele aliinuka, akasema kwa upole, “Mwanangu, zahanati yetu mmeipeleka wapi?” Ukumbi ulinyamaza, kisha minong'ono ikaanza. Kulikuwa na watu waliokuja wakiwa tayari wanaamini kwamba serikali huficha mambo, nami nilikuwa nimewapa ushahidi. Tulilisahihisha kosa pale pale kwa kalamu kabla kumbukumbu za mkutano hazijatiwa sahihi. Lakini imani ya watu hairekebishwi kwa kalamu.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu somo la toleo hili linawahusu wanafunzi wa shule za upili, vyuo vya ufundi na vyuo vikuu wanaojifunza kutumia programu za hesabu na za kuwasilisha. Wengi hufundishwa vitufe. Wachache hufundishwa namna ya kukagua kazi yao kabla ya kuwaonyesha watu. Leo tutafanya yote mawili kwa mfano mmoja, hatua kwa hatua. Mwishoni kuna zoezi na majibu yake.

UNAHITAJI NINI

Tarakilishi inafaa zaidi, lakini simu ya kisasa yatosha kuanzia. Programu ya hesabu huitwa lahajedwali. Excel ndiyo inayojulikana sana maofisini, nayo hulipiwa. LibreOffice Calc haina malipo na hufanya kazi bila intaneti ukishaiweka kwenye tarakilishi. Google Sheets pia haina malipo kwa mwenye akaunti, na hufunguka kwenye simu. Fomula tutakazotumia hapa ni zile zile katika programu zote tatu. Kwa slaidi kuna PowerPoint, LibreOffice Impress na Google Slides.

Asiye na tarakilishi nyumbani aulize katika maktaba ya umma, chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu, au kituo cha Ajira Digital kama kipo eneo lake.

Lahajedwali lilizaliwa kutokana na kero ya mwanafunzi. Mwaka 1978 Dan Bricklin, aliyekuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alimwona mwalimu akijaza jedwali la hesabu ubaoni. Namba moja ilipobadilika, ilibidi mwalimu afute na kuandika upya namba nyingine nyingi. Bricklin akawaza: kwa nini mashine isizibadilishe zenyewe? Mwaka uliofuata yeye na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya kwanza ya aina hiyo kutumika katika tarakilishi ndogo. Wazo hilo ndilo msingi wa somo letu: unaandika hesabu mara moja, na namba zikibadilika jibu hubadilika lenyewe.

MFANO WETU: MAJI YA KIJIJI

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, umerudi nyumbani kwa likizo. Kamati ya maji ya kijiji inataka kuomba kibanda cha pili cha maji wakati wa mkutano wa bajeti ya kaunti. Mwenyekiti anakuambia, “Wewe ndiwe umesoma, tutengenezee karatasi ya kupeleka.”

Ombi hilo lina uzito. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na Mpangilio wa Nne unazikabidhi serikali za kaunti huduma za maji. Lakini mkutano huo huo una maombi ya barabara, taa, zahanati na chekechea. Anayesema “tunateseka sana na maji” atapigiwa makofi. Anayeonyesha wanateseka kwa kiasi gani ataandikwa.

Basi unapita nyumba hadi nyumba ukiuliza: mnaishi wangapi, mnachota mitungi mingapi ya lita 20 kwa siku, mnanunua mtungi shilingi ngapi, na safari moja ya kwenda na kurudi huchukua dakika ngapi. Ili tuelewane, nitatumia mistari sita tu. Katika kazi halisi uliza nyumba nyingi, na zisiwe za jamaa zako peke yake. Unaweza kupiga hodi kila nyumba ya tano njiani, ili waliokaa mbali na barabara nao wahesabiwe.

HATUA YA KWANZA: KUPANGA JEDWALI

Lahajedwali ni ukurasa wenye visanduku vingi. Kila kisanduku huitwa seli. Safu zinazoteremka zina herufi A, B, C. Mistari inayolala ina namba 1, 2, 3. Seli iliyo safu ya D mstari wa 4 huitwa D4, kama vile nyumba inavyotambuliwa kwa mtaa na namba ya mlango.

Mstari wa 1 ni wa vichwa. Kuanzia mstari wa 2, kila nyumba ina mstari wake mmoja:

| | A: Namba | B: Aina | C: Watu | D: Mitungi kwa siku | E: Bei ya mtungi (Sh) | F: Dakika kwa safari |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 2 | 1 | Nyumba | 5 | 4 | 10 | 45 |
| 3 | 2 | Nyumba | 3 | 3 | 10 | 40 |
| 4 | 3 | Nyumba | 7 | 6 | 10 | 60 |
| 5 | 4 | Nyumba | 4 | 3 | 20 | 50 |
| 6 | 5 | Nyumba | 6 | 5 | 10 | 55 |
| 7 | 6 | Biashara | 2 | 27 | 20 | 50 |

Mstari wa 7 ni hoteli ndogo ya chai na maandazi. Usiiondoe, tutaona sababu.

Zingatia mambo manne ambayo huwatia wengi mashakani.

Kwanza, seli ya namba iwe na namba tu. Ukiandika “mitungi 4” au “10 bob”, programu huona maneno, na ikijumlisha safu hiyo itairuka seli yako bila kukuambia. Kipimo kiandikwe kwenye kichwa cha safu, si ndani ya kila seli.

Pili, sufuri na seli tupu si kitu kimoja. Nyumba ambayo haikuchota maji siku hiyo andika 0. Nyumba ambayo hukumpata mtu wa kumuuliza iache tupu. Wastani wa 4, 5 na 0 ni 3. Wastani wa 4, 5 na seli tupu ni 4.5, kwa kuwa tupu haihesabiwi. Kosa hapa hubadilisha hali ya kijiji kizima.

Tatu, namba ya simu si namba ya kujumlishwa. Ukiandika namba inayoanza na 07 au 01 katika seli ya kawaida, sufuri ya mbele hupotea. Badilisha seli iwe ya maandishi kwanza, au tanguliza alama ya ' kabla ya namba. Wapo vijana wanaotuma majina ya kikundi kwa malipo kisha wanashangaa kwa nini pesa hazifiki.

Nne, tarehe. Ukiandika 3/4, tarakilishi moja husoma tarehe 3 Aprili na nyingine husoma tarehe 4 Machi, kulingana na mpangilio wake. Andika mwezi kwa herufi.

HATUA YA PILI: FOMULA TANO ZA KUANZIA

Fomula yoyote huanza na alama ya =. Bila alama hiyo programu hudhani unaandika maneno.

Tunataka kujua kila nyumba hulipa kiasi gani kwa siku. Katika safu mpya ya G andika kichwa “Gharama kwa siku (Sh)”. Kwenye seli ya G2 andika:

=D2*E2

Alama ya * ni kuzidisha. Mitungi 4 mara shilingi 10, jibu 40. Sasa bofya G2, shika kona ya chini kulia, uburute hadi G7. Programu hubadilisha yenyewe: G3 inakuwa D3*E3, na kuendelea. Utapata 40, 30, 60, 60, 50 na 540.

Jumla ya gharama zote:

=SUM(G2:G7)

Jibu ni 780. Nukta mbili zinamaanisha “kuanzia hapa mpaka pale”.

Wastani wa mitungi:

=AVERAGE(D2:D7)

Jibu ni 8. Hapa simama kidogo. Tazama tena jedwali: kuna nyumba yoyote inayochota mitungi 8? Hakuna. Nyumba zote ziko kati ya 3 na 6. Ile hoteli yenye mitungi 27 ndiyo imeuvuta wastani juu. Ukisimama mbele ya watu useme “kila nyumba hutumia mitungi minane”, wanaojua hali ya kijiji watacheka, na hawatasikiliza slaidi ya pili.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kutafuta namba ya katikati, yaani ile inayokaa katikati ukizipanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa:

=MEDIAN(D2:D7)

Jibu ni 4.5, ambalo linafanana zaidi na maisha ya watu. Njia ya pili ni kuziangalia nyumba peke yake. Ndiyo sababu tuliweka safu ya “Aina”:

=AVERAGEIF(B2:B7,"Nyumba",D2:D7)

Maana yake: pitia safu ya B, palipo na neno Nyumba, chukua namba yake katika safu ya D, kisha tafuta wastani. Jibu ni 4.2. Fanya hivyo hivyo kwa gharama, ukiweka G2:G7 mwishoni, upate Sh48 kwa siku. Kwa dakika, ukiweka F2:F7, utapata 50. (Programu nyingine hutumia nukta-mkato badala ya mkato ndani ya fomula. Fomula ikikataa, jaribu hiyo.)

Hoteli hatukuifuta, tumeitenga. Ukifuta data kwa sababu haikupendezi, umeanza kudanganya. Ukiitenga na kusema kwa nini, umeeleza. Tena biashara ile nayo ina haki ya kusikika: inalipa Sh540 kwa siku kwa maji peke yake.

HATUA YA TATU: ALAMA YA DOLA

Unataka gharama ya mwezi. Andika 30 katika seli ya J1, na kando yake, K1, andika “siku za mwezi”. Katika H2 andika =G2*J1 kisha buruta chini. Utaona mstari wa kwanza uko sawa na iliyobaki inaleta sufuri. Sababu ni kwamba ulipoburuta, J1 iliteremka ikawa J2, J3, seli zisizo na kitu. Ifunge kwa alama ya dola:

=G2*$J$1

Sasa haiondoki. Wastani wa nyumba tano kwa mwezi ni Sh1,440. Kamati ikiuliza “na kwa wiki?”, badilisha ile 30 iwe 7, na safu nzima itajibadilisha. Ndicho alichokitaka Bricklin.

HATUA YA NNE: KUKAGUA KABLA YA KUONYESHA

Wapo watakaosema haya ni makosa ya wanaoanza. Sivyo. Mwaka 2010 wanauchumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko lililoonyesha kwamba nchi ambazo deni la serikali limepita asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia -0.1, yaani hurudi nyuma. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani walilitaja walipokuwa wakitetea kupunguza matumizi ya serikali.

Kisha mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akapewa kazi ya darasani ya kurudia hesabu za andiko fulani. Alichagua hilo, na kila alipojaribu hakupata jibu lao. Aliwaomba lahajedwali lao, wakampa. Alipobofya seli ya wastani aliona fomula imeanzia mstari wa 30 ikaishia wa 44, wakati data ilifika mstari wa 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Pamoja na walimu wake wawili, Michael Ash na Robert Pollin, alitoa matokeo yake Aprili 2013. Waliposahihisha fomula hiyo, wakarudisha data nyingine iliyoachwa na kubadilisha namna ya kuzipima nchi, ambayo ndiyo iliyochangia zaidi, wastani uligeuka kuwa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kuu kwamba deni kubwa huambatana na ukuaji mdogo.

Kosa la wasomi wale na kosa langu la zahanati ni ndugu wa tumbo moja. Fomula iliishia mapema. Basi kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, fanya ukaguzi huu:

1. Bofya mara mbili kila seli yenye jumla au wastani. Programu huchora fremu ya rangi kuzunguka seli zinazohesabiwa. Je, fremu imefika mstari wa mwisho?
2. Chagua mistari miwili, piga hesabu yake kwa kikokotoo cha simu, ulinganishe.
3. Jiulize kama jibu linafanana na maisha. Mitungi 8 kwa nyumba? Bei ya Sh200 kwa mtungi? Ikiwa hapana, tafuta kosa kabla halijakutafuta.
4. Mpe mwenzako faili bila kumweleza. Akiuliza “hii namba imetoka wapi?”, andika jibu ndani ya faili lenyewe.
5. Hifadhi nakala ya data ya mwanzo usiyoigusa kabisa, na faili lipe jina lenye tarehe.

HATUA YA TANO: KUTOKA HESABU HADI SLAIDI

Sasa una namba. Wanafunzi wengi hapa hunakili jedwali zima na kulibandika kwenye slaidi, maandishi madogo kama sisimizi, halafu husoma mstari baada ya mstari huku wamewapa watu mgongo.

Madhara ya slaidi mbaya yameandikwa katika historia. Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiligongwa na kipande cha povu wakati wa kuruka. Wahandisi waliandaa slaidi za kuwaeleza wakuu wa NASA kama kuna hatari. Kichwa cha slaidi moja kilielekea kutia moyo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ndipo palipokuwa na habari kubwa: kipande kilichogonga kilikuwa kikubwa mara mamia kuliko vile vilivyowahi kujaribiwa, kwa hiyo majaribio yale hayakuweza kumhakikishia mtu usalama. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirudi duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Slaidi peke yake haikusababisha ajali, lakini bodi ya uchunguzi katika ripoti yake ya Agosti 2003 iliitaja slaidi hiyo, ikakosoa tabia ya kutumia slaidi mahali pa ripoti kamili.

Fundisho kwetu ni hili: jambo kubwa liwe juu, kwa maneno makubwa, na liwe sentensi kamili. Usiandike kichwa “Data ya maji”. Andika kile ambacho data inasema. Kwa mfano wetu slaidi tano zatosha:

Slaidi ya 1: “Safari moja ya maji huchukua dakika 50.” Chini yake chati ya miti ya nyumba tano. Umoja wa Mataifa unasema safari ya maji isizidi dakika 30. Weka mstari kwenye 30 ili kila mtu aone kwamba nyumba zote zimepita.

Slaidi ya 2: “Kila mtu anapata chini ya lita 17 kwa siku.” Hesabu yake: nyumba tano zina watu 25, mitungi 21 ya lita 20, yaani lita 420. Gawanya kwa 25 upate 16.8. Shirika la Afya Duniani husema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji mengi ya msingi yatimizwe.

Slaidi ya 3: “Nyumba hulipa Sh1,440 kwa mwezi kwa wastani.”

Slaidi ya 4: “Tunaomba kibanda cha pili.” Kitajengwa wapi, ardhi ni ya nani, kitasimamiwa na nani.

Slaidi ya 5: “Tulivyokusanya habari hizi.” Nyumba ngapi, siku gani, nani hakufikiwa. Slaidi hii wengi huiacha. Ndiyo itakayokulinda mtu akisema umepika namba.

Kuhusu chati: miti hufaa kulinganisha vitu, mstari hufaa kuonyesha mabadiliko ya miezi au miaka, na duara hufaa tu pale ambapo sehemu ni chache na zinakamilisha kitu kizima. Mti wa chati lazima uanzie sufuri. Ukiuanzisha kwenye 35, dakika 40 zitaonekana mti wa urefu wa 5 na dakika 60 mti wa urefu wa 25, kana kwamba safari moja ni mara tano ya nyingine. Wakati mwingine programu hufanya hivyo yenyewe. Angalia.

Maandishi yasiwe chini ya ukubwa wa 28, rangi nyeusi juu ya nyeupe. Mapambo na herufi zinazoruka ziachie arusi.

Majina ya watu, namba za vitambulisho na za simu zisionekane kwenye slaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na aliyekukaribisha nyumbani kwake hakukubali umtangaze. Ndiyo sababu jedwali letu lina namba ya nyumba, halina jina.

HATUA YA SITA: KUSIMAMA MBELE YA WATU

Salimia wazee kwanza, ujitambulishe kwa jina na kwa mnakotoka. Sema kwa lugha ambayo waliokaa nyuma wanaielewa. Kisha geuza namba iwe kitu wanachokijua. Ikiwa nyumba huenda mara mbili kwa siku, dakika 50 ni dakika 100 kila siku. Kwa siku 30 ni dakika 3,000, yaani saa 50 kwa mwezi. Sema: “Mama au msichana wa nyumba hii hutumia saa hamsini kila mwezi akitembea na mtungi.” Hapo hakuna atakayehitaji chati.

Usisome slaidi. Watu wasome kichwa, wewe ueleze. Ukiulizwa usilolijua, sema, “Hilo sikuliuliza, nitalifuatilia.” Mzee akikusahihisha, mshukuru na uandike.

Na stima ikipotea? Hutokea. Beba nakala ya karatasi, hata kurasa mbili, na faili la PDF kwenye fulashi na kwenye simu. Ombi liweze kusimama bila projekta. Isitoshe, karatasi ndiyo inayobaki mikononi mwa karani wa mkutano ukiondoka.

TAREHE ZA KUKUMBUKA

Hesabu nzuri iliyochelewa haisaidii. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ombi la mradi mpya lifikishwe mapema, wakati mpango wa maendeleo ungali unaandaliwa. Anayekuja Mei mara nyingi hukuta mgao umeshapangwa. Mikutano hutangazwa katika ofisi za wadi na za machifu. Nakala za mipango na bajeti ni haki yako kuziomba. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakuruhusu.

ZOEZI

Ongeza nyumba ya saba katika mstari wa 8: aina Nyumba, watu 5, mitungi 3, bei Sh20, dakika 50.

1. Gharama yake kwa siku ni ngapi?
2. Ikiwa fomula yako ya jumla bado ni =SUM(G2:G7), itaonyesha ngapi? Jumla sahihi ni ngapi?
3. Wastani wa mitungi kwa nyumba, bila biashara, sasa ni ngapi?
4. Namba ya katikati ya mitungi kwa mistari yote saba ni ngapi?
5. Kila mtu nyumbani anapata lita ngapi kwa siku?
6. Andika kichwa cha slaidi moja kutokana na jibu la 5, kwa sentensi kamili.

MAJIBU

1. Sh60. 2. Itaonyesha 780; jumla sahihi ni 840, na fomula yake ni =SUM(G2:G8). 3. Mitungi 24 kwa nyumba 6, yaani 4. 4. Ukizipanga 3, 3, 3, 4, 5, 6, 27, ya katikati ni 4. 5. Lita 480 kwa watu 30, yaani 16. 6. Mfano: “Kila mtu kijijini anaishi kwa lita 16 za maji kwa siku.”

Ikiwa katika swali la pili umeona 780 na hukushtuka, rudi hatua ya nne. Nyumba hiyo ya saba ina watu watano, na mmoja wao huenda atakuwa ukumbini siku hiyo.